Sindano Aliyoiacha Mke Wangu

Mke wangu alikuwa akiandika programu za kompyuta katika ofisi ya maji. Mimi ni fundi milango. Shule sikuiona. Watu walicheka: hawa wamekutana wapi? Tulikutana mlangoni. Mlango wa ofisi yao ulikuwa ukikwaruza sakafu.

Alitengeneza saa ya kuonyesha kina cha maji kwenye tangi. Si ya ukutani, ni ya ndani ya skrini: duara lenye sindano. Za kununua zilikuwepo. Hakuzitaka, sindano za hizo zilirukaruka. Yake ilitembea taratibu. "Kama wewe ukitoka kazini," aliniambia.

Sasa ana miezi saba kaburini.

Juzi alikuja mwenzake wa kazini, mama mcheshi, tangu zamani ananiita shemeji.

"Shemeji, umekonda! Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana."

Kisha akaeleza kilichomleta. Alikuwa ameifungua ile saa aibadilishe rangi, akagusagusa na maandishi ya programu, sindano ikagoma. Imelala kwenye sifuri. Mkubwa wao amesema isipopona kufikia kesho, inatolewa, inawekwa ya kununua.

Nguo za mke wangu wanetu wameshagawana. Kitu chake kilichobaki kikifanya kazi ni hicho tu.

"Imekuwaje?"

"Sura ya saa iko faili moja, akili yake iko jingine. Akili inaiita sindano kwa jina. Jina ni lilelile, nimelitazama mara kumi. Inajibiwa hakuna kitu."

"Inaiita wakati gani?"

"Mwanzo kabisa. Wito nimeusogeza juu mwenyewe, nikaona huko umekaa vizuri."

Hapo nikamkumbuka mama watoto. Alikuwa akila huku anasimulia kazi zake, mimi naitikia tu. Kuna siku jambo hilohilo lilimsumbua, mara akapiga meza: "Mume wangu, wewe unaweza kutafuta kitasa kabla mlango haujapachikwa?"

Nikamwambia shemeji, "Ngoja saa ivikwe sura yake kwanza. Ndipo uite."

Akanikodolea macho. "Mzee wa randa, wewe!" Akachukua mkoba, chai akaiacha inafuka.

Kesho yake mchana akanipeleka ofisini. Akaiwasha saa, sindano ikapanda, ikatikisika kidogo, ikatulia. Mkubwa akaitazama. "Basi, ibaki," akasema, akaenda zake.

Nikakaa kwenye kiti cha mke wangu.

"Jina lake limeandikwa humo?"

"Hapana, shemeji. Hakujiandika. Kuna majina ya sehemu za saa tu, aliyoyatunga yeye."

"Nisomee."

Akainama kwenye skrini. "Sindano. Uso. Kioo. Ukingo."

Sauti si yake. Maneno ni yake.

Nikamwomba arudie.