Ndoo Isiyokaliwa Kando ya Gari

Saa moja asubuhi boneti iko wazi, na dereva wa teksi anayeitwa Dakika Kumi amezama ndani ya injini mpaka mabegani.

"Mkanda huu naubadilisha kwa dakika kumi," anasema bila kutoa kichwa. "Peke yangu. Siku zote peke yangu. Andika hivyo."

Mwandishi aliyekuja kuandika habari zake anaandika. Chai inaletwa, inanywewa, vikombe vinaoshwa. Mkanda mpya bado unaning'inia shingoni mwa mwenyewe kama skafu.

Na haraka ipo. Sebuleni, mama mkwe wake ameshavaa nguo ya kutokea, mkoba mapajani. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na leo ni zamu yake ya upasuaji. Anayefika baada ya saa nne hurudishwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya miezi.

Kwa nini asikodi gari jingine?

"Mimi dereva wa teksi, nimkodie mama mkwe wangu teksi?" anauliza, kama aliyetukanwa. Kisha sauti inashuka. "Nilimwahidi mama watoto nitampeleka mwenyewe. Hakuniomba kingine."

Mkanda huo ni mmoja, mrefu, unajipindapinda kati ya puli, vigurudumu vya injini: ya alteneta inayochaji betri, ya pampu ya maji, ya usukani, na ile ya kuukazia. Ukiupitisha vibaya, betri inafia njiani au injini inachemka. Mwenye akili zake huchora njia kabla ya kuuvua wa zamani, au huipiga picha kwa simu.

Dakika Kumi hakuchora. Hajawahi kuchora.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Kila mkanda ulipobadilishwa, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapo kando ya taa ya mbele.

"Alikuwa ananishikia tochi tu," anasema mumewe. Hiyo "tu" inamtoka haraka mno.

Figo zilimchukua mwaka jana. Ndoo ipo palepale. Mwandishi alipotaka kuikalia, alisogezewa kiti kabla hajainama.

Tangu hapo, bila pesa ya cherehani, teksi inampa mafuta na mboga, mengine yanabaki ahadi. Ndiyo maana mkanda anaufunga nyumbani, hapeleki gereji. Jana ulianza kuchanika nyuzi. Leo asubuhi akauvua wa zamani, akautupa kando. Ndipo akasimama kuziangalia puli kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Mara ya kwanza mkanda unabaki mrefu, unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mara ya pili haufiki hata ukivutwa kwa meno. Dakika Kumi anafuta jasho.

"Wewe, kanawe mikono, umejaa grisi," anamwambia mwandishi, ambaye hajagusa kitu chochote zaidi ya kikombe.

Mwandishi anakwenda, ananawa mikono safi, anarudi. Mkanda umeshakaa.

"Si nilikwambia?"

Anawasha. Injini inaitika, halafu inaanza kulia wi-wi-wi, kama mlango usiopakwa mafuta. Anachukua chupa ya maji, anaunyunyizia mkanda kwa mbali. Kelele inakatika. Baada ya muda inarudi.

"Ingezidi kwa maji, ningesema umelegea," anaeleza. "Ikikatika ikarudi, umekaa upande."

Anazima, anapapasa kwa kidole. Kweli: kwenye puli ya alteneta, mkanda umetoka nje kwa mfereji mmoja. Anaisukuma kwa spana puli ya kukazia, anaurudisha mahali pake, anawasha tena.

Kimya. Injini tu, inanguruma taratibu.

Dakika Kumi hashangilii. Anafunga boneti kwa mikono yote miwili, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Binti yangu ana sura ya mama yake," anasema. "Naiona kila siku, na sina wa kumwambia. Mama mkwe akifunguka macho, tutakuwa wawili wa kuiona."

Kisha anajikaza. "Umeandika? Peke yangu."

"Usiandike uongo, mwanangu."

Mama mkwe amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, akielekeza uso upande ambako mwandishi hayupo.

"Mama, twende, saa zinakimbia," anasema mkwewe.

"Tunakwenda. Mimi sioni, ila masikio ninayo. Huyu mgeni alipokwenda kunawa, nilikusikia. Ulisema, 'Mama watoto, baada ya pampu ya maji napita juu au chini?'"

Dakika Kumi anatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Kiko begani mwake.

"Halafu ukanyamaza," anasema mama, "unasubiri ujibiwe. Na mimi huku ndani nikasubiri pamoja nawe."