Siku Niliyokufa Kwenye Kompyuta ya Bima

Ujumbe ulinikuta nimeshika sindano. Nilikuwa nashonea shanga nyekundu kwenye ukanda wa kiatu, simu ikalia juu ya meza, nikaisoma kwa jicho moja. Halafu nikaisoma kwa macho mawili. "Mpendwa mteja, tumepokea kwa masikitiko taarifa ya kifo cha," kisha majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. "Poleni sana. Ombi la bima ya safari limefungwa."

Niliweka vidole shingoni, hapa chini ya taya. Kulikuwa kunadunda.

"Nini?" mwenzangu akauliza. Tulikuwa wawili tu kwenye kibanda chetu cha kazi hapa Kitengela, tumezungukwa na vipande vya ngozi. "Umeachwa?"

"Nimekufa."

"Basi nipitishie ule uzi wa bluu kabla hujazikwa."

Nikampitishia simu badala ya uzi. Akasoma, kicheko kikamwishia njiani. Akaniangalia, akaangalia simu, akaniangalia tena, na nakumbuka alisogeza stuli yake nyuma, kidogo tu, upana wa kiganja. Sidhani hata yeye alijua ameisogeza.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi nilitakiwa niwe Nairobi na karatasi zangu zote za viza. Mama mmoja Mjerumani anayenunua viatu vyetu alikuwa ametualika sisi wawili kwao, wiki mbili, tukashone viatu kwenye maonyesho watu wakituangalia. Mimi, niliyeachia shule kidato cha pili. Nilikuwa nimeiota hiyo safari mpaka nikaizoea: nimeota theluji, nimeota kiti cha dirishani, nimeota hata chai ya kwenye ndege, ambayo ndotoni ilikuwa na tangawizi. Karatasi zote zilikuwa kwenye bahasha isipokuwa moja. Bila bima ya afya ya safari, hiyo bahasha hawaipokei. Ya mwenzangu ilikuwa imeshapita. Yangu ndiyo hiyo, imefungwa kwa sababu mwenyewe ni marehemu.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeenda kwa mama wa bima. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo ukikaa pale unanuka kidogo kama ng'ombe aliyeogeshwa. Ni mama Mkamba, mchangamfu, sweta yake haivuliwi hata jua likiwaka vipi. Alinisomea fomu akijaza kwenye kompyuta. Una kisukari? Hapana. Una mimba? Hapana, na nikacheka. Halafu akasoma bila kubadilisha sauti: ukifariki ukiwa safarini, mwili upelekwe wapi, na nani ataupokea?

Nikaacha kucheka.

"Usiogope, dada. Ni swali tu kama la mimba. Kule hawataki kubaki na maiti ya watu."

Nikasema Kajiado. Nikasema koko wangu, bibi mzaa baba, aliyenilea. Nikampa na namba yake.

"Sawa. Nitampigia baadaye nihakikishe namba ni yake."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa sijamwambia koko habari ya bima. Ningemwambiaje? Ati koko, nimekuandika wewe ndiyo upokee maiti yangu? Nikasema moyoni, nitamwambia Jumapili, nikiwa na soda mkononi. Nikashuka ngazi nikiimba.

Sasa lazima nieleze jambo la jina. Sitaliandika hapa, na utaona kwa nini.

Kwetu Umaasaini, kwa wazee walioshika mambo ya zamani, mtu akifa jina lake halitajwi tena nyumbani. Na kama kuna aliye hai anayeitwa hivyo hivyo, anapewa lingine, asije akaitwa huyu akaitika yule. Koko wangu haachi kanisa hata Jumapili moja, lakini hilo nalo hajaliacha. Mimi nilizaliwa nikapewa jina la shangazi yangu, binti yake wa mwisho. Nilipokuwa na miaka sita, shangazi alikuwa Uarabuni, ameenda kufanya kazi za nyumba. Siku moja simu ikaja. Sauti ya mtu asiyejulikana ikataja jina lake, halafu ikauliza nani atapokea mwili. Wakaulizana na hiyo sauti wiki nyingi. Mwili haukuja. Hakukuwa na wa kuugharamia, karatasi zilikuwa zimepotea, na mwishowe ile namba ikaacha kupokea. Shangazi alibaki huko, na hatujui ni wapi.

Jina likaondolewa. Mimi nikapewa lingine, ndilo naitwa nyumbani mpaka leo. Kulikuwa hata na ndama aliyeitwa vile, naye akabadilishiwa, akakaa mwezi mzima hajui akiitwa ni yeye. Lakini cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimeshaandikwa. Kwa hiyo nimekua na jina la karatasi na jina la mdomo. Shuleni naitwa marehemu, nikivuka lango la kwetu nakuwa mimi. Nilizoea, kama unavyozoea kuvua viatu mlangoni.

Nikarudi kwa mama wa bima mbio, shanga bado zimeniganda vidoleni. Aliponiona mlangoni alisimama, kiti chake kikagonga ukuta.

"Dada, kaa hapo hapo kwanza."

"Mama, ni mimi. Niko hai."

"Sijakataa. Kaa hapo hapo tu."

Akanieleza nikiwa kizingitini. Alikuwa amepiga ile namba, akasalimia, akataja jina langu la karatasi, akauliza kama ni yeye atapokea mwili. "Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika. Halafu akasema pole pole, huyo alikufa. Nikamuuliza, lini? Akaniambia, zamani. Alibaki huko." Alijikunja ndani ya sweta. "Na asubuhi ulikuwa umekaa kwenye hicho kiti. Nimekipanguza, usikasirike."

"Ulidhani mimi ni nani?"

"Nilifikiria mambo mawili. La kwanza, ni mtu anatumia karatasi za marehemu, ndiyo nikaandika hivyo kwenye kompyuta. La pili sikutaka kulifikiria." Akanyoosha mkono kutoka mbali. "Hebu lete."

Nikampa wangu. Akaushika, akaugeuza, akaubonyeza kiganja kama anayechagua parachichi.

"Uko na joto," akasema, akakaa.

Nilimweleza habari ya shangazi. Akashangaa sana. Kwao, akaniambia, wanawapa watoto majina ya waliokwenda ndiyo wasisahaulike. "Nyinyi mnafunga mlango, sisi tunafungua dirisha," akasema, halafu akatikisa kichwa kama aliyesema zaidi ya alivyotaka. Lakini kompyuta haikuwa na huruma. Ikishaandikwa mtu amefariki, yeye peke yake hawezi kumfufua. Yule aliyesema nimekufa ndiye aje ofisini, na kitambulisho, aseme niko hai, aweke kidole. Na iwe kesho, kwa sababu keshokutwa ni viza.

Nilimpigia koko mara nyingi. Simu ilikuwa imezimwa.

Jumatano jua lilikuwa halijapanda sana nikiwa nimeshashuka Kajiado, natembea ile njia ya vumbi kwenda kwetu. Ni njia ninayoijua kwa miguu. Siku hiyo ilikuwa kimya. Mbwa wa jirani, ambaye hunibwekea tangu amezaliwa, alilala kivulini akaniangalia nikipita, hakuinua hata kichwa. Nilimwita. Hakuitika. Nikacheka peke yangu, na kicheko chenyewe sikukipenda kilivyosikika.

Koko alikuwa amesimama langoni. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi. Nikamwendea, nikainamisha kichwa kama mjukuu anavyofanya, nikangoja kiganja chake utosini. Nimekiinamia hicho kiganja maisha yangu yote.

Hakikuja.

Niliangalia miguu yake. Miguu yake haikusogea. Juu yangu akauliza kwa Kimaa, "Ni nani?"

"Koko, ni mimi." Nikataja jina la nyumbani.

"Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai inayofuka moshi. Akanipa nikiwa bado nje ya lango. "Kunywa."

Nikanywa, ikaniunguza. Alikuwa haangalii kikombe, anaangalia koo langu. Nilipomeza mara ya tatu ndipo alipotoa pumzi, akaniwekea kiganja kichwani.

"Takwenya, enkerai ai," akanisalimia, yaani hujambo, mtoto wangu.

"Iko," nikaitikia, na machozi hayo.

Tulikaa kwenye kigogo nje ya nyumba. Simu alikuwa ameitoa betri, akaifukia kwenye kopo la sukari. "Walipiga tena," akasema. "Sauti ni nyingine lakini maneno ni yale yale. Jina, halafu mwili. Nikajua hawajamalizana na sisi. Halafu nikakumbuka, kuna wawili wa hilo jina. Nikakaa hapa nikingoja nione ni yupi atakuja."

Nilimwambia yote. Maonyesho, bima, fomu, na kwamba mimi ndiye niliyeandika jina lake bila kumwambia. Nikamwambia kama hataki niende, nitairudisha bahasha kabatini. Nilikuwa nasema kweli, ingawa kusema kwenyewe kuliniuma kama jino.

Hakunijibu hilo. Akauliza, "Hiyo karatasi inafanya nini?"

"Nikiugua huko, hospitali wananitibu."

"Na ukifa?"

Hajawahi kuniuliza neno kama hilo. Wazee wetu hawaliweki kinywani juu ya mtu aliye mbele yao. Nikamwambia, nikifa wananirudisha. Mpaka hapa langoni.

Aliangalia lango muda mrefu. Halafu akaingia ndani, akatoka amevaa shuka lake la kanisani na viatu nilivyomshonea mimi mwenyewe.

Mchana tulikuwa kwa mama wa bima. Koko alikaa kwenye kile kiti kilichopanguzwa. Mama wa bima alimsalimia kwa heshima, akamwita koko kama sisi tunavyomwita, akageuza kompyuta upande.

"Koko, sheria inasema nisome jina, wewe ukubali ni huyu. Jina ni..."

"Usiseme wewe," koko akamkata kwa Kiswahili. "Kwanza niambie. Hii karatasi ingekuwa wakati ule, yeye angerudi?"

Mama wa bima alinitupia jicho, kisha akamjibu yeye. "Angerudi, koko."

"Mpaka nyumbani?"

"Mpaka nyumbani."

Koko akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi nitasema mimi."

Nilidhani atalinong'ona. Aliliita. Akageuza uso mlangoni, akaliita lile jina kwa ile sauti ya jioni, ya kumwita msichana aliye mbali akichunga mbuzi, kwamba giza linaingia, rudi. Miaka kumi na saba sijalisikia kinywani mwake. Nilifungua mdomo niitike, akainua kidole kuninyamazisha. Hakuwa ananiita mimi.

Tukangoja. Chini dukani walikuwa wakibishana juu ya dawa ya kupe, wakanyamaza wote kwa pamoja, kama inavyotokea wakati mwingine. Mlango wa ofisi ulikuwa umezuiwa na jiwe. Ulisogea, ukalisukuma lile jiwe, na upepo wa Kitengela ukaingia na vumbi lake, vumbi likatanda sakafuni mpaka kwenye miguu ya kiti. Mama wa bima alishika rozari yake ndani ya sweta. Hakuna aliyeenda kufunga.

Vumbi likatulia. Koko akaliangalia lilivyotulia. Halafu akanigeukia, akaliita lile jina mara ya pili, chini chini, akinitazama machoni.

"Niko hapa, koko," nikasema.

"Huyu yuko hai," akamwambia mama wa bima. "Andika." Akanyoosha kidole gumba kabla hajaombwa.

Jioni, nikiwa nimemrudisha koko kwake, ujumbe mwingine ukaja: bima yako imeanza kufanya kazi. Nilimsomea koko. Akaniomba nakala ya ile karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la sukari mahali ilipokuwa simu. Lile jina hakulitaja tena, na kesho yake, nikielekea Nairobi na bahasha, alipoagana nami kwa simu aliniita la nyumbani.

Nilienda. Theluji haikuwepo, chai ya kwenye ndege haikuwa na tangawizi, na kwa wiki mbili sikupata hata mafua. Nimerudi mzima, koko alinipokea langoni, kiganja kikaja mara moja.

Ila kuna kitu kimoja cha kule. Tulipofika, tulipanga foleni mbele ya afisa wa kukagua pasipoti. Mwenzangu alikuwa ameshapita, nyuma yangu hakukuwa na mtu, mimi ndiye nilikuwa wa mwisho. Afisa akachukua pasipoti yangu, akalisoma lile jina kwa sauti, vibaya vibaya, lakini likaeleweka. Niligeuka. Niligeuka kabisa, nikasogea pembeni, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

Nikahesabu pumzi mbili. Halafu nikaitika.