Utambi wa Friji ya Chanjo

Mwanangu, iko siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Nakusimulia kwa sababu umepata kazi, na juzi nimekusikia ukijisifu kwamba pale ofisini bila wewe hakuna kinachoenda.

Miaka ya tisini nilikuwa nesi kijana katika zahanati ndogo upande wa Funyula. Umeme haukuwa umefika. Chanjo za watoto tuliziweka kwenye friji ya mafuta ya taa, inayopoa kwa nguvu ya moto wa utambi, na friji ile ilikuwa na tabia zake. Utambi ulitaka kukatwa sawasawa, moto uwe wa bluu. Ukiuzidisha kidogo tu, unatoa masizi, na baridi inapotea. Nilijifunza hayo kwa kuhangaika miezi mingi. Nabwire, msaidizi wetu, aliniomba mara mbili nimwonyeshe. Nikamjibu, "Acha tu, nitafanya mwenyewe." Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa. Nilipenda mkuu wetu, mzee Wandera, awaambie wageni kwamba friji hii inamsikiza Sista Auma peke yake.

Kisha shangazi yangu akafariki Malaba, nikaenda kumzika. Siku ya pili, watu wakiimba nyimbo za kanisa, nikajiuliza nilikata utambi lini. Nikahesabu siku kwa vidole, nikaona siku ya kuukata imepita. Kesho yake ilikuwa kliniki ya chanjo, na surua ilikuwa imeshaingia vijiji vya jirani. Zahanati haikuwa na simu. Niliondoka matanga hayajaisha, ndugu zangu wakinitazama vibaya. Malori ya mpakani yalikuwa yamefunga barabara, nikatembea kwa mguu mpaka nilipoyapita. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu.

Nilipofika asubuhi, akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi na watoto wao. Nabwire alisimama mlangoni, masizi hadi kwenye kola.

"Sista, ilianza kutoa moshi juzi," akasema. "Nilifikiri mafuta ni kidogo, nikaongeza moto. Ikazidi."

Nilifungua friji. Chupa za chanjo zilikuwa na joto kama la kiganja changu.

Tulizitupa zote. Mzee Wandera alitoka mwenyewe kuwaambia akina mama warudi nyumbani. Kati yao alikuwa Taaka, aliyetembea tangu alfajiri na binti yake mgongoni. Aliitikia kwa adabu, akamfunga mtoto upya, akaondoka.

Mzee Wandera aliniita ndani. Hakupaza sauti.

"Auma, sisi tulidhani tuna friji. Kumbe ulienda nayo matanga."

Nilianza kumlaumu Nabwire. Akaninyamazisha kwa mkono. "Huyo aliuliza. Wewe ulimjibu nini?"



Chanjo nyingine zilichelewa. Kabla hazijafika, Taaka alirudi na yule binti akiwa na homa na vipele vya surua. Siku kumi na moja alilala kwetu, nami kila asubuhi niliogopa kufungua mlango wa chumba alicholazwa. Alipona, lakini sikio moja halikusikia tena. Taaka hakuwahi kunilaumu. Hakujua kwamba kosa lilikuwa langu, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Niliandika maelezo yote ya friji, nikayabandika ukutani. Mzee Wandera akamwambia Nabwire ayafuate, mimi nitazame tu. Akashindwa. Nilikuwa nimeandika "kata sawasawa", lakini usawa ule ulikuwa mikononi mwangu, haukuwa kwenye karatasi. Basi nikamshika mkono, tukakata pamoja wiki nzima. Mwisho yeye ndiye aliyegundua kwamba bomba la moshi lilihitaji kusafishwa, jambo ambalo mimi sikulijua. Tukaliongeza kwenye karatasi.

Kwa hiyo, mwanangu, unachokijua kazini kiandike. Ukishaandika, keti na mwenzako afanye mbele yako, maana karatasi haisemi kila kitu. Akikuuliza, mjibu siku hiyo hiyo. Na ukisikia raha kwamba wewe tu ndiye unayejua, ogopa. Kuna mtu usiyemfahamu ambaye atalipa hiyo raha yako.

Mungu akupe kazi ya kudumu na wenzako wa kuaminiana nao. Na siku utakayokuwa mbali, Mungu akujalie usingizi.