Kondoo wa Jenerali

Mama yangu mdogo alikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini Embu, chumba kimoja nyuma ya bucha, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa akitupatia ufunguo mimi na dada yangu. Wiki nzima kompyuta ile ilikuwa ya barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Jumapili ilikuwa yetu, na sisi tulikuwa na vita vyetu.

Vita hivyo vilikuja kwa disketi, sehemu moja baada ya nyingine. Aliyetuletea alikuwa fundi kutoka Meru, kila aliposhuka kusafisha mashine. Sehemu tatu tulizokuwa nazo zilikuwa nzito kama ibada ya Ijumaa Kuu: mji uliobomolewa, mvua isiyokatika, daraja lililopaswa kulindwa, na jenerali mwenye mikunjo usoni aliyetoa amri kwa maandishi. Askari wako akifa, jina lake liliandikwa kwenye msalaba mdogo, na mashine ilinyamaza kidogo kabla ya kukuruhusu uendelee. Dada yangu hakuukubali msalaba hata mmoja. Alikuwa na miaka kumi na sita, mkali kwa adui na mpole kwa watu wake, na akimpoteza askari mmoja tu alianza upya, hata kama daraja lilikuwa limebakiza hatua chache kuvukwa. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe cha bunduki vidole vyake vilipochoka.

Alichoka upesi. Ugonjwa wa koo aliougua utotoni ulikuwa umeshuka hadi kwenye moyo ukaharibu vali, na sasa kupanda ngazi za kanisa kulimfanya asimame katikati na kujifanya anatazama maua. Mwaka ule daktari aliandika barua, na hospitali moja Nairobi ikampa kitanda. Aingie Jumanne, apasuliwe kabla ya wiki kuisha. Naye akasema haendi.

"Mtu akishafunguliwa kifua," alimwambia mama, "hafungwi akiwa yule yule."

Mama alimbembeleza, kisha akalia. Mchungaji alikuja akazungumza kwa sauti ya chini, na baada ya hapo nyumba nzima ilizungumza naye kwa sauti hiyo, hata kumwambia chai iko tayari. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba hawatamlaza kwenye meza ya upasuaji msichana anayekataa. Alikuwa amesema pia kwamba moyo ule hautangoja mvua mbili. Kwa hiyo sote tulikuwa tukingoja neno moja kutoka kwa dada, na halikuja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi peke yangu nililijua. Alikuwa ameanza kuwaacha askari wafe. Aliwatuma darajani mmoja mmoja, mkono umeegemea shavu, na misalaba ilipojipanga hakuanza upya. Nilipomuuliza alisema, "Wacha tu. Ni mchezo." Sikumwambia mama. Ningeanzaje kumweleza?

Jumamosi ya mwisho fundi alikuja na disketi mpya isiyo na karatasi ya jina.

"Hii si ya vita kabisa," alisema, na Kimeru chake kikiisukuma kila silabi mbele. "Wenyewe waliotengeneza zile wameongeza hii juu. Ni ya kuchezea tu."

"Kwani zile zingine ni za nini?" dada aliuliza.

"Zile wewe umezifanya kazi. Nakuonanga hapo, uso kama wa karani wa kodi."

Kesho yake hatukuwa wawili. Cucu, nyanya yetu mzaa mama, alikuwa amepanda kutoka Siakago kuja kumsindikiza mjukuu kwenye safari ambayo mjukuu alikuwa ameikataa, na mama alimwomba asimwache peke yake. Akaja nasi ofisini na mfuko wake wa ndengu, akaketi kwenye benchi la wateja, akachukua sinia ya mama mdogo na kuanza kuchambua mawe. Cucu alizungumza Kimbeere tu. Skrini ilizungumza Kiingereza tu. Dada alikaa katikati akitafsiri.

Mji ulikuwa ule ule, mvua ile ile. Lakini jenerali alikuwa amelala kitandani katikati ya magofu, amevaa kofia ya kulalia, macho yamemtoka. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu vita vianze. Askari wetu walipaswa kuswaga kondoo waruke uzio mbele ya kitanda chake, na wote wakishapita, mchezaji aandike wamepita wangapi. Ukikosea, jenerali hakosi usingizi tu, anakurushia kandambili. Makombora yaliendelea kuanguka kama kawaida, ila kondoo akipigwa alipaa angani, akatua kwa makalio, akajikung'uta na kuendelea na safari. Hata leo mimi na dada tunabishana kama walilia "mee" au kama ni sisi tuliowalilia.

Cucu aliacha kuchambua.

"Hao ni kondoo?"

"Ni kondoo, Cucu."

"Wa nani?"

"Wa huyo mzee."

"Mbona amewaacha wanyeshewe na yeye amejifunika?"

Dada alicheka kwa pua, cheko dogo la kwanza baada ya majuma mengi. Kisha akaeleza kwamba mzee hawezi kulala mpaka tuwahesabu.

"Awahesabu nani?" Cucu alisema. "Mnyama hahesabiwi."

Hilo tulilijua. Kwa Cucu hakuna aliyetaja idadi ya kitu chenye uhai. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi akatazama tu, na akasema fulani hajarudi. Watoto pia hawakuhesabiwa. Wakati wa chakula zilihesabiwa sahani. Kutaja idadi kulikuwa kuita kitu kije kuipunguza.

"Cucu, hao si wa kweli," dada alisema.

"Na huyo mzee ni wa kweli?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unahangaikia usingizi wake?"

Cucu alitutazama kwa zamu, akaona tunavyotamani kuendelea, akavuta benchi karibu. Kondoo akiruka, alisema, yeye atatupa ndengu moja kwenye kisahani. Wakiisha, tuhesabu ndengu. Ndengu hazina roho.

Tukaanza. Kondoo aliruka uzio, ndengu ikalia *ti* kwenye kisahani. Mwingine, *ti*. Kombora likampaisha mmoja, na alipotua kwa makalio Cucu alipiga kofi pajani, akasahau ndengu yake. Au alitupa mbili, hatukujua. Tulihesabu kisahani, dada akaandika, na jenerali akainuka na kofia yake akatupa kandambili ikajaa skrini nzima.

"Ametutupia kiatu!" Cucu alisema. "Mtu mzima!"

Dada alicheka. Alicheka mpaka akainamia kibodi, na skrini ikajaa herufi. Alicheka mpaka cheko likakatika, na nikaona midomo yake inageuka rangi. Nilimshika mgongo. Chini ya gauni la kanisa moyo ulikuwa ukipiga kama kitu kilichofungiwa ndani na kinataka mlango. Cucu aliweka kiganja juu ya mkono wangu, tukangoja wote wawili, mpaka pumzi ya dada ikarudi mahali pake.

"Tena," dada alisema.

Mara ya pili Cucu aliniachia mimi kazi ya ndengu. Yeye alikunja mikono na kutazama. Kondoo walipita wote, uzio ukabaki mtupu, nikamsomea dada jumla.

"Bado," Cucu alisema. "Yule wa sikio jeusi hajapita."

"Yupi?"

"Mdogo. Alikuja na wenzake mara ya kwanza. Ameingia nyuma ya hicho chuma."

Chuma kilikuwa kifaru kilichoungua. Dada alimtuma askari akazunguka, na kweli, mwanakondoo mmoja alikuwa amejilaza pale, sikio moja jeusi, amesinzia kwenye matope. Akaswagwa, akaruka. Ndengu moja ikaongezeka kisahanini. Jenerali alifumba macho, na kompyuta ya mama mdogo, iliyokuwa imezoea kupiga chapa majina ya marehemu, ikakoroma.

Tulikaa tukiisikiliza. Kisha dada, bila kugeuka, aliuliza jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwetu alikuwa ameliuliza.

"Cucu, wewe ulizaa wangapi?"

"Wangapi ni neno la dukani. Niulize ni akina nani."

"Ni akina nani?"

Aliwataja. Alianza na mjomba mkubwa, akashuka polepole, akamfikia mama. Baada ya mama, kabla ya mama mdogo, alitaja jina tusilolijua, kisha akamalizia na la mama mdogo.

"Huyo wa katikati ni nani?" dada aliuliza.

"Msichana." Cucu aliokota ndengu, akaitazama, akairudisha. "Akipanda kutoka mtoni na maji alikuwa akikaa njiani. Mara mbili. Mara tatu. Nilisema ni mvivu. Nilimpiga kwa sababu ya kukaa kule."

Nje, mwenye bucha alikuwa akiosha meza yake, maji yakimwagika kwenye mtaro.

"Na hakukuwa na mtu wa kumfungua kifua?"

"Hakukuwa na mtu wa kuniambia ana kitu kifuani."

Dada alitoa disketi, akaishika kwa mikono miwili. Mimi nilihesabu ndengu upya ili nisimtazame.

"Ukija Nairobi," alisema mwishowe, "utakaa pale mpaka niamke?"

"Nitakaa."

"Utaniangalia uniambie kama ni mimi?"

"Nitakujua," Cucu alisema. "Hata ukipita na wengi."

Jioni ile dada alimwambia mama, kwa sauti ya kawaida, kwamba atahitaji gauni la vifungo vya mbele la kwenda nalo Nairobi. Mama aliingia jikoni na hakutoka kwa muda.

Jumanne asubuhi gari la jirani lilingoja nje ya lango, na ukungu ulikuwa bado umelalia migomba. Kabla hawajapanda, Cucu alimsimamisha dada, akamfungua kifungo cha juu cha gauni. Akainama, akamtemea mate ya baraka kifuani mara mbili, taratibu, juu ya mahali pale pale ambapo kisu kingepita, huku akisema maneno ya Kimbeere kwa sauti ndogo. Dada alisimama wima, kidevu juu, akitetemeka kwa baridi. Mama alitoa leso kumpangusa.

"Wacha," dada alisema. "Itakauka yenyewe."