Salamu ya Nyama ya Mbwa

Mimi, ndugu yangu, hakuna kitu cha kunishangaza tena. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia stesheni ya Kilosa, nikachoma mkaa, nikalala chini ya malori, na leo bucha yangu hapa Mikumi, barabarani kabisa, ina friji tatu na mashine ya kukatia mifupa. Watu wa mahotelini wananijia na habari za mbwa wenye ukurutu na paka wenye matumbo mabovu, wananunua mapafu, bandama na moyo, vyote vibichi, maana siku hizi wanaamini mnyama mgonjwa hupona akila kibichi. Nawauzia. Wengine wanapona, wengine hawaponi, hela inaingia. Kwa hiyo mwezi uliopita alipoingia mzee mmoja na paka kwenye kikapu, wala sikushtuka. Nilishtuka nilipouona mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada hakikuwepo, na mkono ule niliwahi kuuona zamani.

Hapo hapo nikajikuta nipo Chanzuru, mtoto, shambani kwa bibi yangu aliyenilea. Mahindi yakianza kubeba tulihamia shambani, kwenye dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia mazao. Asubuhi uji wa mtama unaonukia moshi, mchana kisamvu, jioni hindi la kuchoma. Kazi yangu ilikuwa kupiga debe. Ngedere wakisikia debe wanakimbia. Nyani wanakaa wanakutazama kama vile wamekuja ngomani. Nyani walimwogopa mmoja tu, mbwa wa bibi, jina lake Waacheni. Bibi alikuwa mtu wa swala tano, mbwa hakuvuka kizingiti cha nyumba, alikaa huko huko shambani na chungu chake. Lakini bila yeye tusingekula. Jirani aliyekosa mbwa alivuna mabua.

Sasa mwaka mmoja Waacheni akaugua. Manyoya yalimdondoka mgongoni, ngozi ikakakamaa kama gome, tumbo halitulii, uji wa pumba anaunusa na kuondoka. Nyani wakaanza kusogea. Na kwetu mbwa hapewi nyama mbichi. Watu walisema akishaonja damu atahamia kwenye mbuzi wa watu, na mwenye mbwa ndiye atakayelipa. Aliyembadilisha bibi mawazo ni mama mmoja wa wafugaji, aliyekuwa akituletea maziwa kwenye kibuyu. Alimtazama yule mbwa, akacheka, akasema mnamlisha chakula cha kuku halafu mnashangaa. Mpeni mapafu na bandama, bila kupika.

Bibi hakuwa na ng'ombe. Akaenda kwa mchinjaji wa Kilosa mjini, mimi nyuma yake. Mchinjaji alikuwa kijana wakati huo, buti nyeupe za mpira, umri sawa na mtoto wa mwisho wa bibi. Mapafu alikuwa akiwatupia kunguru. Bibi akaomba, akaeleza habari ya mbwa na mahindi, foleni nzima inasikiliza. Yule bwana akafuta kisu kwa mkono wake ule wenye vidole vinne.

"Bibi, nyama ya mbwa kwangu haina bei, ina salamu. Niamkie."

Wewe unaijua nchi yetu. Mimi nilichapwa fimbo na mwalimu kwa kumpita mzee bila kumwamkia. Mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, basi. Bibi alisimama. Nilikuwa nimeshika kanga yake, nikahisi inavutika kwa jinsi alivyokuwa akihema.

"Shikamoo, mwanangu."

"Marahaba. Nisalimie na mume wako wa shambani."

Foleni ikacheka. Watu wazima, wenye wake na misikiti yao, walicheka. Na kila siku ya machinjo tulirudi, na kila siku akamwamkisha, mpaka wengine wakawa wanawahi ili waone. Waacheni akaota manyoya, nyani wakarudi mlimani, tukavuna. Bibi aliniambia mara moja tu, njiani, tumebeba mapafu kwenye majani ya mgomba: "Aibu ni yake. Mimi nimembebea tu." Mimi sikukubali kubeba. Nilikula kiapo pale pale kwamba nitamrudishia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyonipa mtaji, asikudanganye mtu.

Basi mzee amesimama mbele ya kioo changu, hanijui. Anasema paka aliachiwa na marehemu mke wake, anatapika, anakonda, daktari wa mifugo amemwambia ajaribu moyo wa ng'ombe mbichi, uliokatwa vipande vidogo, na yeye hana kitu. Anaomba hata mabaki. Bucha imejaa wateja. Nikafuta kisu taratibu.

"Mzee, nyama ya paka kwangu haina bei, ina salamu. Niamkie."

Akamtazama paka wake.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia marahaba ndefu, iliyojaa mdomo, ya miaka yote ile. Kisha nikamuuliza kama anamkumbuka bibi wa Chanzuru, mwenye mbwa.

"Walikuwa wengi, mwanangu," akasema. "Yupi?"

Nilimpa ule moyo ili aondoke tu.

Kesho yake wazee wa mtaa wakaniita, kwamba nimemwamkisha mtu wa umri wa baba yangu mbele za watu. Nikawasimulia yote, kama ninavyokusimulia wewe. Wakasikiliza mpaka mwisho. Mkubwa wao akasema, "Pole sana, mwanetu. Ila hiyo ni ya Kilosa. Sisi tunaamua ya Mikumi." Wakanitoza mbuzi, mchele, mafuta, na moyo wa ng'ombe wa kumlisha yule paka mwezi mzima.

Madungu yale hayapo tena, ndugu yangu. Shamba la bibi limelimwa miwa na watu nisiowajua, yule mama wa maziwa alihama na ng'ombe wake, na ile foleni iliyocheka imeshazikwa karibu yote. Enzi zile hakuna mzee hata mmoja aliyeitisha kikao kwa ajili ya bibi yangu. Kwa ajili ya mchinjaji waliitisha kwa siku moja. Sikubishana, na leo ningerudia. Niliwahesabia thamani ya vyote taslimu, noti juu ya noti, shilingi laki tatu na elfu kumi na sita na mia tano.