Mkwe Aliyechora Watu

Kwa miaka kumi na mitano Sekela alimjua baba mkwe wake kwa visigino tu. Vilikuwa vipana, vimepasukapasuka, na mara nyingi vina matone ya rangi. Mila ya Wanyakyusa ndiyo hiyo: mke hamtazami baba wa mumewe, wala mzee hamtazami yeye. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini, akainama na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Chakula hukiweka mlangoni, akakohoa, akaondoka. Neno likiwapo, hupelekwa na mtoto.

Mchungaji alikuwa akisema hayo ni mambo ya kizamani. Sekela aliitikia kanisani, akirudi nyumbani alijifunika kama kawaida. Hakuwa mbishi hata kidogo. Alikuwa amechoka, na kuacha mazoea nayo ni kazi. Mumewe Yotamu alikuwa kwenye migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini, na barua zake zilikuja moja kwa mwaka, kama zilikuja. Kulima, kuteka maji, kusaga ulezi na kumpikia mzee, yote yalikuwa juu ya mgongo wake.

Mzee Abrahamu alikuwa mchoraji wa picha za Biblia, na makanisa ya milimani kuzunguka Mbeya yalimheshimu sana. Hakuchora kwa kubuni. Alitafuta mtu, akamketisha mbele yake siku nane, akamtazama. Watu waligombea nafasi hiyo, maana nani asingependa kuwa mtume ukutani, majirani wakimwona kila Jumapili? Danieli muuza maziwa aliketi akawa Petro. Siku ya nane alitoka akipiga miayo. Mwezi haujaisha, alikuwa hawezi kunyanyua kopo lake la maziwa, na watu wakamzika bila kujua alikuwa anaumwa nini.

Aliyefuata ni Lusia, mke wa kaka yake Yotamu, mwanamke mcheshi aliyesoma shule kidogo.

"Mwenzangu, utajificha mpaka lini?" alimtania Sekela. "Sisi ni Wakristo. Baba mkwe ni baba, basi."

Akaingia, akampa mzee mkono, akaketi awe Martha. Ulezi ulipokuwa tayari kuvunwa, Lusia alikuwa akisinzia huku mwiko umo chunguni. Ulipokwisha kuvunwa, alikuwa kaburini. Kwenye picha mashavu yake yalijaa na macho yakang'aa, na visigino vya mzee vikawa laini kama vya mtoto. Sekela aliviona, akaelewa, na moyo wake ukamwuma.

Mama mkwe, kabla hajafa, alikuwa amemwambia mwanzo wa jambo hilo. Abrahamu akiwa kijana alimchora mama yake mzazi siku aliyokuwa akikata roho. Mama akaomba maji. Mwana akasema, "Subiri kidogo, namalizia mdomo." Mama akamtazama, akasema, "Haya. Usishibe." Tangu hapo, asipokuwa na uso wa mtu hai mbele yake, hunyauka. Akichora, hunenepa yeye, na aliyechorwa huisha.

Minong'ono ilipozidi Mbeya, mwaka wa hamsini na tano mzee alihamia Iringa. Yotamu aliandika barua kwamba Sekela amfuate amtunze, na Sekela akafuata, atafanyaje? Walipanga nyumba mtaa wa Mlandege. Lakini Wahehe hawakuwa na haraka ya kuketi mbele ya mgeni. Miezi ikapita. Sauti ya mzee ikawa nyembamba, na bakuli la uji likawa linarudi limejaa.

Asubuhi moja Tusekile, binti wa Sekela wa miaka kumi na minne, alitoka chumbani kwa mzee akitabasamu.

"Mama, babu anasema kesho nikakae. Nitakuwa Mariamu."

Sekela aliwaza njia. Kumtorosha? Kwa nani? Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na ukoo wote uliokuwapo Iringa ulikuwa huyo mzee. Hakulia. Kesho yake mzee alipomwita mtoto, Sekela aliingia naye, akavua kanga kichwani, akaketi bega kwa bega na binti yake.

Mzee aligeukia ukuta upesi. "Tusekile, nani ameingia?"

"Mwambie babu ni mama yako," alisema Sekela.

"Mwambie mama yako atoke. Ananivunjia heshima."

"Mwambie sitoki."

Tusekile, kwa mazoea, aliyapeleka maneno yote hayo ndani ya chumba kilekile. Siku tatu ilikuwa hivyo. Mzee hakuweza kumwona mtoto bila kumwona mkwewe, na mila ilimfunga shingo. Siku ya nne njaa ikaishinda mila. Aligeuka.

"Toka nje, mwanangu," Sekela alimwambia binti yake, na mtoto akatoka.

Mzee alichora kwa pupa. Sekela alihisi anachotwa ndani, kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Aliogopa sana, lakini hakuondoa uso. Ila mle ndani mzee hakukuta nguvu. Alikuta kuni za miaka kumi na mitano. Alikuta ndoo, jembe, msiba wa Lusia, na barua zisizofika. Alivichota hivyo hivyo, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Saa sita mchana alipiga mwayo. Saa nane brashi ikamponyoka, akaketi chini, mabega yameanguka.

"Mwanangu," alisema, bila kupitia kwa mtoto, "unaishije hivi?"

"Huwa naamka tu, baba."

Mzee alitikisa kichwa kama asiyeamini. Alijilaza mkekani, akafumba macho, na pumzi yake ikapungua mpaka ikakoma.

Sekela aliinuka. Kisha akamwita Tusekile alete maji na kitambaa. Mkwe kumwosha mkwewe ni mwiko mkubwa kuliko kumtazama, lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo.