Kikapu Mdomoni mwa Mbwa

Kijijini kwetu, kwenye milima ya Ileje juu ya Mbebe, ni mimi peke yangu niliyetembea na mbwa aliyevaa kikapu mdomoni. Nilikisuka kwa mianzi, kama vile tunavyowavisha ndama wasinyonye, nikakifunga kwa kamba nyuma ya masikio. Watu walicheka. Niliwaacha wacheke, maana sijawahi kuona mbwa aliyeuawa na kicheko.

Nilikuwa na sababu. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, na pale mpakani Tunduma kila mwenye meza alikuwa bwana dawa. Sumu ya panya, ya kupe, ya wadudu wa kahawa, yote ilimiminwa kwenye chupa za soda bila maelezo yoyote. Mnunuzi akiuliza inatumikaje anaambiwa, "Weka tu, utaona." Wakulima wetu walirudi na chupa hizo wakijiona wataalamu. Wasiojua kusoma hawakuuliza, na wanaojua hawakuona haja. Kwa hiyo kila alasiri, kabla ya kwenda shambani kwangu mtoni, nilimnywesha mbwa maji nyumbani asije akalamba vidimbwi chini ya kahawa iliyopuliziwa, nikamvisha kikapu, nikamshika kwa kamba.

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na shamba kando ya njia hiyo. Mbweha walikuwa wanammalizia kuku. Badala ya kujenga banda la maana, akanunua chupa yake Tunduma, akaichanganya na ugali na dagaa, akawa tayari kutega. Kwetu anayetega sumu hutangaza nyumba kwa nyumba, ndiyo desturi. Yeye aliona hiyo ni kazi kubwa. Jumapili, wakati wa matangazo, akasimama kati ya tangazo la kwaya na tangazo la harusi.

"Wapendwa, kuanzia kesho dawa ipo njia ya mtoni. Wenye mbwa wafunge mbwa wao."

Akaketi, ametosheka kabisa, kana kwamba kijiji kizima kinasali pale. Ng'ambo ya mto walikuwapo watu wa dhehebu jingine ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwetu, na mbwa wao walipita njia hiyohiyo kila siku.

Jumatatu, ofisini kwa walimu, nilimchambua mzee yule mpaka wenzangu wakafuta machozi ya kicheko. Nilisema mbwa wa ng'ambo watakufa kwa kukosa ubatizo wetu. Nilijipenda sana asubuhi hiyo.

Alasiri nikapita na mbwa wangu. Tonge la kwanza lilikuwa juu ya kipande cha jani la mgomba, hatua moja kutoka njiani, linanuka dagaa. Mbwa alivuta kamba, akaligonga kwa kikapu, akaligonga tena, akashindwa. Nilifurahi kama fundi anayeona paa lake halivuji. Nikamvuta, tukaenda zetu, na tonge likabaki palepale kwenye jani lake.

Jumanne mbwa wa mjane mmoja wa ng'ambo alikufa kwa degedege, povu mdomoni. Mama huyo aliishi peke yake na mbuzi wake, na mbwa yule ndiye aliyemlindia mbuzi na kumlinda yeye mwenyewe. Kesho yake nilimkuta njiani akirudi kutoka shambani. Nikampa pole, kisha nikaanza kumshambulia mzee wa kanisa. Nilisema ni mjinga, ni mvivu, ashitakiwe kwa mtendaji wa kijiji. Mama alitua kuni zake, akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Mwalimu, Jumatatu ulipita hapa?"

"Nilipita, mama."

"Na mbwa wako alivaa kile kikapu?"

"Alivaa."

"Kumbe ulijua," alisema. "Na kwangu ni kuvuka mto tu, mwanangu."

Nilitaka kumweleza kwamba sumu si yangu, kwamba kutangaza kulikuwa kazi ya mwenye shamba, na yote hayo yalikuwa kweli. Hakuningojea. Alijitwika kuni zake akashuka.

Yule mzee niliyemcheka alivuka mto jioni ileile, kofia mkononi, akamwomba mjane radhi. Mimi nilijiambia nina madaftari ya kusahihisha.